Volti Peke Yake Hazitoshi: Tujifunze Stima Kabla ya Kununua Sola

(Mazungumzo kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)

Tunafurahi kuona akina mama ni wengi. Mara nyingi mambo ya stima huachiwa kijana mmoja anayejua kuunganisha waya, na wengine wote hukaa kando wakingoja taa iwake. Leo tunaomba pasiwe na mtu wa kukaa kando.

Sisi tunaotembelea vikundi huulizwa swali moja karibu kila mahali: "Tununue sola ya namna gani?" Kikundi kimekusanya pesa za kuku, au za miche, au za merigoraundi, na sasa kinataka taa katika jumba lake, redio, na mahali pa kuchaji simu. Swali hilo ni zuri. Jibu letu huwa ni lile lile: kabla ya kwenda dukani, jifunzeni hesabu mbili za stima. Ni hesabu za kuzidisha na kugawanya tu. Anayeweza kuweka daftari la merigoraundi anaziweza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sola nayo ni mali.

Volti, ampia na wati

Maneno haya mtayakuta kwenye paneli, betri na taa. Tusiyaogope. Yametokana na majina ya wavumbuzi wa zamani: Volta wa Italia, aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800, Ampère wa Ufaransa na Watt wa Scotland.

Fikirieni tangi la maji ya mvua. Likiwekwa juu ya mnara, maji hushuka kwa msukumo mkubwa. Likiwekwa chini, msukumo ni mdogo. Msukumo huo ndio volti. Sasa tazameni mfereji. Kiasi cha maji yanayopita pale ndicho ampia. Tangi laweza kuwa juu sana lakini mfereji ukawa mwembamba kama mrija wa soda. Basi ndoo itachukua muda mrefu kujaa. Kwa hiyo kuujua msukumo peke yake hakutoshi. Lazima pia tujue kiasi kinachopita.

Tukizidisha vyote viwili tunapata wati, yaani nguvu ya kufanya kazi:

volti × ampia = wati

Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza. Taa ya volti 12 inayokula nusu ampia ni taa ya wati 6. Basi.

Jambo jingine ni njia ya stima. Hapa mezani tuna betri ya pikipiki, taa ndogo, swichi na nyaya mbili. Tukifunga waya mmoja, taa haiwaki. Tukifunga na wa pili, mnaona, imewaka. Stima lazima iwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Swichi ni kama daraja la mbao: ukiliondoa, njia imekatika. Na ikiwa waya wa kwenda na wa kurudi zimegusana bila kupitia kwenye taa, hiyo ndiyo shoti. Stima yote hukimbilia hapo, waya hushika moto, na nyumba inaweza kuungua.

Paneli iliyoandikwa wati 100

Mwaka uliopita tuliitwa na kikundi kimoja cha akina mama kilichokuwa karibu kuvunjika. Walikuwa wamenunua sola kwa zaidi ya Sh. 30,000, pesa za kuku za mwaka mzima. Paneli ilikuwa imeandikwa wati 100. Dukani, muuzaji alichukua mita, akaweka paneli juani, na mita ikasoma volti 21. Akasema, "Mnaona? Iko sawa." Wakalipa, wakarudi nyumbani kwa nyimbo.

Wiki ya tatu taa zilianza kuzima saa mbili za usiku. Wiki ya sita simu hazikuweza kuchajiwa tena. Hapo maneno yakaanza. Pesa zimeliwa, walisema. Mama mweka hazina amenunua kitu cha bei ya chini, chenji ameweka mfukoni. Risiti alikuwa nayo, lakini ilisema wati 100, na paneli ilisema wati 100, na taa zinazima. Nani angemwamini? Mkutano wa kumwondoa ulikuwa umeshaitwa.

Kabla ya mkutano huo tulimwomba kijana mmoja wa chuo cha ufundi aje na mita yake. Saa sita mchana, anga likiwa jeupe, aliitoa paneli kwenye nyaya zake, akapima volti: 21. Kisha akapima ampia: 1.7. Paneli ya betri ya volti 12 hufanya kazi yake kwenye volti 18 hivi. Basi 18 × 1.7 ni kama wati 31. Paneli ya kweli ya wati 100 ingetoa ampia 5 na zaidi kwa jua kama lile. Walichonunua kilikuwa paneli ya wati 30 iliyobandikwa karatasi ya wati 100.

Je, muuzaji alisema uwongo alipoonyesha volti 21? Mita haikusema uwongo. Lakini paneli ndogo ya wati 10 nayo husoma volti 21, sawa na ile kubwa. Ni kama tangi dogo na tangi kubwa kwenye mnara wa urefu mmoja. Aliyewaonyesha volti peke yake hakuwa amewaonyesha chochote.

Hesabu iliandikwa kwenye karatasi, ikapelekwa dukani pamoja na risiti. Mwenye duka alibisha, mwishowe akabadilisha paneli. Mama mweka hazina bado yuko kwenye kazi yake. Lakini majirani walikuwa wameacha kumsalimia kwa mwezi mzima, na jambo hilo hakuna duka linaloweza kulirudisha. Kama mwanachama mmoja tu angejua kupima ampia siku ile ya kununua, mama huyo hangepatwa na aibu hiyo.

Namna ya kupima

Mita tunayosema inaitwa multimita. Kikundi kinaweza kununua ya bei nafuu na kuitunza kama kinavyotunza mhuri. Kupima paneli, kwanza itoeni kwenye betri na nyaya zote. Pimeni volti. Halafu hamisheni waya mwekundu wa mita hadi kwenye tundu lililoandikwa 10A, geuzeni kipini kielekee ampia za DC, kisha gusisheni nyaya mbili za paneli. Hii ni kwa paneli ndogo kama hizi tunazozungumzia. Pimeni saa sita mchana, jua likiwa kali na paneli ikielekea jua.

Onyo kubwa: msipime ampia za betri kwa njia hiyo hata siku moja. Paneli hutoa ampia chache tu. Betri hutoa mamia kwa mara moja, na mita inaweza kulipuka mkononi. Kwa betri, pimeni volti tu. Na mkimaliza kupima ampia, rudisheni waya mwekundu mahali pake, asije mwingine akapima betri bila kuangalia.

Hesabu ya pili: wati kwa saa

Hesabu ya kwanza yatuambia nguvu ya kitu. Ya pili yatuambia kitu hicho kitakula kiasi gani kwa siku. Zidisheni wati kwa saa. Tuchukue jumba la kikundi:

Taa 4 za LED, wati 5 kila moja, saa 4: 4 × 5 × 4 = 80
Redio ya wati 10, saa 5: 10 × 5 = 50
Televisheni ndogo ya wati 20, saa 3: 20 × 3 = 60
Simu 6, kila moja kama wati-saa 10: 6 × 10 = 60
Jumla kwa siku: wati-saa 250

Sasa tutafute paneli. Jua huonekana saa kumi na mbili, lakini asubuhi na jioni ni dhaifu. Katika sehemu nyingi za Kenya tunaweza kuhesabu saa 5 hivi za jua kamili kwa siku. 250 ÷ 5 = 50. Lakini joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe hupoteza sehemu, kwa hiyo tunaongeza nusu: 75. Nunueni ya wati 80. Kwa wenzetu wa nyanda za juu, ambako mwezi wa Julai ni ukungu mtupu, heri wati 100.

Tutafute betri. 250 ÷ 12 ni karibu ampia-saa 21. Lakini betri ya risasi na asidi haipendi kumalizwa. Mkitumia zaidi ya nusu kila usiku, itazeeka upesi. Basi tunazidisha kwa 2: 42. Tukiweka akiba ya siku moja ya mawingu tunazidisha tena kwa 2: 84. Dukani mtachukua ya ampia-saa 100. Siku hizi ziko pia betri za lithiamu, ambazo huvumilia kutumiwa karibu zote na hudumu miaka zaidi, ingawa bei yake ya kununulia iko juu. Fanyeni hesabu ya miaka, msiangalie bei ya siku moja. Rahisi mara nyingi hugeuka ghali.

Mkitaka biashara ya kuchaji simu, mfanye hesabu yake. Simu 20 ni wati-saa 200 zaidi, karibu sawa na jumba lote. Na yule atakayesema, "Tuweke na pasi," mwonyesheni hesabu kwa upole. Pasi ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 inahitaji ampia 83. Mfumo huu hauwezi.

Kutunza betri

Tumeona betri za gari zikiuzwa kwa vikundi kama betri za sola. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Vibati vyake ni vyembamba. Ukiitumia polepole usiku kucha, haitakaa sana. Ulizeni betri ya sola.

Pimeni volti za betri asubuhi kabla ya jua, wakati haijafanya kazi kwa saa chache. Betri ya asidi ikisoma 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikishuka chini ya 12, mmeitumia kupita kiasi, na ikiachwa hivyo siku nyingi chumvi ngumu hushika kwenye vibati vyake na betri hufa. Andikeni namba hiyo katika daftari kila Jumamosi. Mtaona ugonjwa kabla ya kifo.

Betri za kufunguliwa vifuniko zinahitaji maji safi ya betri, si maji ya kisima, wala asidi ya kuongeza. Wakati wa kuchaji hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo iwekwe mahali penye hewa, mbali na moto, sigara na chumba cha kulala cha watoto. Na spana isiwekwe juu ya betri hata kwa dakika moja. Ikigusa chanya na hasi kwa pamoja, ni shoti.

Kisanduku cha katikati

Kati ya paneli na betri kuna kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita kontrola. Wengine hutaka kukiacha ili kupunguza gharama. Tafadhali msikiache. Ndicho mlinzi wa betri. Ikijaa, huzuia chaji. Ikikaribia kuisha, hukata taa.

Ndani yake hakuna uchawi. Kuna dayodi, ambayo ni kama mtego wa samaki: stima huingia upande mmoja, kurudi haiwezi. Kwa hiyo betri haimwagi nguvu zake kwenye paneli usiku. Kuna transista, ambayo ni swichi isiyo na kidole: stima kidogo sana huifungua au kuifunga ili stima kubwa ipite au isipite. Hata taa ya LED ni dayodi inayotoa mwanga. Ndiyo maana nyingine ukigeuza chanya na hasi haziwaki. Redio na simu zenu pia zimejengwa kwa vitu hivi. Kijana akielewa dayodi na transista, ameshika mlango wa elektroniki.

Kumbukeni mpango wa kufunga: kwanza betri kwenye kontrola, kisha paneli, mwisho taa. Wakati wa kufungua, anzeni na taa, kisha paneli, mwisho betri.

Waya na fyuzi

Wengi hushangaa kwa nini volti 12 zinataka waya mnene kuliko volti 240. Jibu liko katika hesabu ya kwanza. Vitu vya wati 60 kwenye volti 240 vinataka robo ampia. Kwenye volti 12 vinataka ampia 5, yaani mara 20 zaidi. Waya mwembamba huzuia mkondo huo. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 ukienda mita 10 na kurudi, ukibeba ampia 5, hupoteza zaidi ya volti 1 njiani. Televisheni itakataa kuwaka na mtalaumu paneli. Ukiweka wa milimita mraba 4, hasara ni chini ya nusu volti. Basi wekeni betri karibu na vitu vinavyotumia stima, na msibane pesa kwenye waya.

Fyuzi nayo ifungwe karibu na upande wa chanya wa betri. Ni kipande dhaifu kilichowekwa makusudi: mkondo ukizidi, kinakatika chenyewe kabla waya haujashika moto. Tumekuta nyumba ambamo fyuzi iliyokatika imebadilishwa na msumari. Hiyo ni kumfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi. Fyuzi ikikatika, tafuteni sababu kwanza, kisha wekeni nyingine ya namba ile ile.

Stima ya volti 240

Tangu mradi wa kusambaza stima vijijini ulioanza mwaka 2015, nyumba nyingi zaidi zimefikiwa na stima ya laini. Tuseme wazi: mliyojifunza leo juu ya volti 12 hayawapi ruhusa ya kufungua soketi. Mkondo wa miliampia 30 tu ukipita mwilini unaweza kuhatarisha moyo.

Mtu akishikwa na stima, msimguse. Zimeni swichi kuu. Ikishindikana, simameni juu ya kitu kikavu na mumsukume kwa mti mkavu, kisha mpelekeni hospitali hata akisema yuko sawa. Waya wa laini ukianguka shambani, kaeni mbali kabisa, zuieni watoto na ng'ombe, na mpige simu kwa wenye laini. Hapo mti mkavu hautoshi. Na wiring ya nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya kawi ya mwaka 2019. Mafundi wa sola nao wana leseni zao. Kuuliza, "Fundi, leseni iko wapi?" si matusi.

Nani ajifunze?

Msifikiri ujuzi huu ni wa Nairobi. Katikati ya miaka ya 1980, shule ya harambee ya Karamugi, upande wa Meru, ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, alishauriana na Mmarekani mwingine, Harold Burris, aliyekuwa akifanya kazi ya sola katika sehemu hizo. Shule ikawekewa sola, na vijana wa mahali pale wakafunzwa kazi hiyo. Baadaye mafundi wa namna hiyo walifunga sola katika nyumba nyingi za wakulima wa kahawa na majani chai. Paneli zilitoka ng'ambo, lakini ujuzi ulikaa kijijini, na ndio uliofanya kazi iendelee.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kifanye mambo manne kabla hatujakutana tena.

Kwanza, chagueni wanachama wawili wa kujifunza stima, na mmoja wao awe mama. Wakihama au kuugua, ujuzi usihame nao, wafundishe wengine.

Pili, nunueni multimita moja, na jina la anayeitunza liandikwe.

Tatu, andikeni katika daftari kila kitu mnachotaka kuwasha, wati zake na saa zake. Mje na jumla yenu. Tutaihesabu pamoja.

Nne, kikundi chenye sola tayari kipime volti za betri Jumamosi nne mfululizo, na ampia za paneli mara moja saa sita mchana. Mkikuta namba hazilingani na zilizoandikwa, msimlaumu mtu kwanza. Pimeni tena, andikeni, kisha njooni tuzungumze.

Sasa sogeeni mezani kwa zamu, wawili wawili. Kila mmoja afunge taa yake, aizime, na apime volti kwa mkono wake mwenyewe. Tuanze na waweka hazina.